Jinsi ya Kuchanganya Nge na Ngali Bila Kushikwa

Sogea hapa barazani, pokea kikombe cha kahawa, useme polepole linalokusumbua. Unataka kusema "Ningalisoma, ningekuwa daktari," nawe unaogopa. Unaogopa kwa sababu ulipokuwa darasa la saba uliambiwa kwamba nge huoa nge, ngali huoa ngali, na anayewaozesha kinyume hupigwa mstari mwekundu. Tangu siku ile umenyamaza. Kila ukitaka kujuta mbele za watu unasema tu "basi, ndivyo ilivyokuwa," unageuza mazungumzo.

Leo nakupa njia. Siyo njia ya kuimeza sarufi nzima. Muda huo huna, una kazi Diani na matatu ya Ukunda haimngoji mtu. Nakupa vichochoro. Nimevipita mwenyewe, nimewapitisha watoto wa watu kwa miaka, na sijaona aliyepotea.

Jua kwanza unachokikimbia

Sentensi inayokutesa ina miguu miwili. Mmoja umekanyaga jana, wa pili umekanyaga leo. Jambo lilitokea zamani, hasara yake unaila sasa. Umeshawahi kumwona mtu akipanda mashua pale Shimoni? Mguu mmoja ungali gatini, wa pili umeshaingia chomboni, na chombo kinasogea. Ndiyo hiyo sentensi yako.

Kiingereza kinasema hapo ni lazima uchanganye. Sharti livishwe nguo ya zamani, tokeo livishwe nguo ya leo: "If I had studied, I would be a doctor." Kiswahili cha darasani kinasema usichanganye kabisa. Sasa mtazame mtoto wa Msambweni. Saa nne ana somo la Kiingereza, anasifiwa kwa kuchanganya. Kengele inalia, saa tano anaingia mwalimu wa Kiswahili, anakatwa alama kwa kuchanganya. Dawati ni lile lile, kichwa ni kile kile, na neno analotaka kulisema halijabadilika. Nimeona watoto wenye akili kali wakitoka hapo wakiamini kwamba hawana lugha hata moja. Hilo linaniuma, na kwa ajili yao nimeamua kuvitoa vichochoro hivi hadharani.

Wala usidhani umeonewa peke yako. Mhindi wa Delhi anayejifunza Kiingereza analia kilio hicho hicho. Kwao kuna neno "agar" mwanzoni, lenye maana ya kama, na "to" katikati, lenye maana ya basi, na kitenzi kimoja, "hota," kinaweza kubeba yangalikuwa na yangekuwa kwa pamoja. Ghafla anaambiwa na Mwingereza agawanye: hii ya jana, hii ya leo. Anatokwa na jasho. Mdigo wa Tiwi na Mhindi wa Delhi wakikutana katika somo hilo, watakumbatiana bila kujuana majina.

1. Mpe mtahini anachokitaka

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ina alama 80, na matumizi ya lugha peke yake yamechukua 40. Hapo si mahali pa kutetea haki. Hapo ni mahali pa kuchuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiona swali la masharti, weka kidole cha shahada juu ya kiambishi cha kwanza na kidole cha kati juu ya kiambishi cha pili. Usisome sentensi. Usifikirie maana. Tazama vidole tu. Vikiwa vimekalia nge na nge, endelea. Vikiwa vimekalia ngali na ngali, endelea. Vikitofautiana, badilisha kimoja. Sekunde tano, umemaliza.

Wakikuambia ukanushe, kanusha pande zote mbili kwa pigo moja: "Ningalikuwa na pesa ningalinunua ng'ombe" inageuka "Nisingalikuwa na pesa nisingalinunua ng'ombe." Sentensi inayotoka hapo inashangaza. Nani huyo ambaye, kama hangekuwa na pesa, hangenunua ng'ombe, na kwa nini ametuita tumsikilize? Usiulize. Iandike, ulaze kalamu, wende swali linalofuata.

Na tahadhari moja ndogo yenye alama zake: nge na ngali huibakiza ku ya vitenzi vifupi. Ningekuja, ningalikula, angekufa. Ki huitupa. Nikija, nikila, akifa. Mtoto wa pwani hakosei hapa akisema. Hukosea akiandika, kwa sababu amesikia "nikikuja" redioni mpaka akadhani ndiyo ya wasomi. Andika kama bibi yako anavyosema. Bibi yako yuko sawa.

2. Weka wakati mfukoni mwa neno jingine

Hiki ndicho kichochoro chenyewe, na kama una muda wa kujifunza kimoja tu, jifunze hiki.

Mtahini anaangalia viambishi. Haangalii maneno ya wakati. Basi vifananishe viambishi, halafu upakie jana na leo kwenye maneno ya pembeni. Badala ya "Ningalisoma, ningekuwa daktari," sema: "Ningekuwa nimesoma wakati ule, leo ningekuwa daktari." Vidole vyako vinakalia nge na nge. Sheria imetiiwa. Lakini tazama kilichofichwa ndani: "nimesoma wakati ule" imebeba jana nzima nzima, na "leo" imebeba leo. Umechanganya mchana kweupe, na hakuna wa kukushika.

Ukitaka kuongeza uzito, tumia nimesha. "Ningekuwa nimeshajenga kabla ya bei ya simiti kupanda, sasa ningekuwa nakaa kwangu." Fundi yeyote wa Ukunda anakuelewa, na mwalimu yeyote anakupa alama.

Jizoeze ukiwa kwenye tuktuk. Mkipita nyumba iliyosimama bila bati, itungie sentensi. Mkipita kiwanja kilichozungushwa ukuta, kitungie nyingine. Kutoka mjini Ukunda hadi barabara ya ufuoni utakuwa umetunga kumi, na dereva atakuwa amekuongezea mbili zake.

3. Kama si

Wapwani tuna zana ambayo vitabu vya shule huipita haraka, nami nashangaa, maana ndiyo kali kuliko zote. Ni "kama si." Wengine husema "lau si."

Uzuri wake ni kwamba haihitaji kitenzi. Unachukua lile jambo lote la jana, unalikunja liwe jina, unalibandika baada ya kama si, halafu unatembea na nge moja tu. "Kama si feri, ningekuwa nimefika." Hapo nge itafananishwa na nini? Haina mwenzake. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuchanganya kitu kimoja.

Nenda kivuko cha Likoni asubuhi uwasikilize wafanyakazi wakiwapigia simu wakubwa wao. Hakuna anayesema "feri isingalichelewa, ningekuwa ofisini." Wanasema "kama si feri, bosi, ningekuwa hapo saa hii." Sauti imeshuka kidogo kwenye feri, imepanda kwenye bosi. Anayesikia huko upande wa pili anaona chombo kimejaa watu na magari, anaona maji, anaona mtu mwaminifu aliyezuiwa na bahari. Sentensi nzima ina maneno machache na haina mwanya wa kutilia shaka.

Manahodha wanaopeleka wageni Kisite wanajua zaidi. "Kama si kusi, tungekuwa tunaona pomboo sasa." Kusi imelaumiwa, mgeni ameridhika, na nahodha amebaki na heshima yake.

Tumia kama si kwa watu wa kwenu pia. "Kama si mama, ningekuwa wapi?" Hiyo haijajibiwa na mtu tangu ianze kusemwa, na hairekebishwi na mwalimu yeyote mwenye mama.

4. Kata sentensi kabla haijafika

Kuna siku vichochoro vyote vitakutoka kichwani. Umesimama mbele ya watu, umeanza na "Ningalijua," na huoni njia ya kwenda mbele. Usitafute. Simama hapo hapo.

"Laiti ningalijua…" Halafu shusha pumzi. Tikisa kichwa mara moja. Tazama chini, au kama uko ufuoni, tazama maji. Wasikilizaji wataimalizia wenyewe, kila mtu kwa majuto yake, na yale wanayojazia ni mazuri kuliko uliyokuwa nayo. Laiti ni neno la kutamani, halidai tokeo. Wahenga wenyewe waliiacha ningalijua ikae peke yake wakasema huja nyuma, wala hawakutuambia inakuja na nini.

Mbinu hii inakaa vizuri zaidi kwa mwenye umri. Kijana wa miaka 19 akishusha pumzi watu huuliza anaumwa nini.

5. Vunja vipande viwili

Ukishindwa kabisa, shindwa kwa heshima. Acha sharti. Sema kweli mbili mfululizo: "Sikusoma. Ndiyo maana sina kazi." Hakuna nge, hakuna ngali, hakuna Kiingereza kilichochungulia dirishani. Inauma kidogo zaidi, kwa sababu nge ilikuwa mto wa kuegemea na sasa umeuondoa. Lakini sarufi yake haina doa.

6. Ufuoni, na lugha za wageni

Wewe unayetembeza wageni Diani, unayeuza vinyago, unayepeleka watu kuwaona mbega au kuingia msitu wa Kaya Kinondo kwa adabu yake, njoo tuzungumze peke yetu.

Usijaribu kujifunza masharti yote ya Kiingereza. Beba sentensi tatu zilizokwisha kushonwa, kama unavyobeba fulana tatu za kuuza. Ya kwanza ya bei: "If you had come last week, it would be cheaper now." Ya pili ya majuto: "If I had known, I would be waiting for you." Ya tatu utaishona mwenyewe kulingana na kazi yako, ukibadilisha maneno ya mwisho tu. Mtu akikusikia ukitamka had upande huu na would be upande ule bila kukwama, anadhani umesoma mpaka chuo kikuu. Mwache adhani. Bei yako itasimama vizuri zaidi.

Na ukikwama, usione haya, maana mgeni naye ana kidonda chake nyumbani. Mjerumani alifunzwa tangu utotoni asitie "würde" upande wa sharti, na huko kwao mitaani wanaitia kila siku. Mtaliano hukaripiwa kwa kusema "se avrei" mahali pa "se avessi," na bado unamsikia akiisema akikasirika. Mmarekani atakwambia "if I would have known" kwa kifua mbele, na vitabu vyake mwenyewe vinaikataza. Dunia nzima, jambo la jana likigusana na la leo, ulimi unateleza. Kwa hiyo ukimsikia mgeni anateleza, mpe dafu, utabasamu, usimrekebishe. Watu hurudi kwa yule aliyewafanya wajione wajuzi.

7. Ukimsikia mzee akichanganya, kaa kimya usikilize

Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi.

Siku moja nilikuwa nimekaa na wazee wawili Vanga, tunangoja jua lipungue. Mmoja alikuwa akisimulia nyavu alizomkopesha jamaa yake zikapotea. Akasema, "Ningelijua yule ni mtu wa vile, nyavu zangu zingekuwa hapa." Ningeli, ndugu wa ningali, upande mmoja, zinge upande wa pili. Alisema akiwa ameuelekeza mkono mahali ambapo nyavu zingekuwa: kwenye ukuta, juu ya kigingi, ambapo hapakuwa na kitu. Yule mwenzake akakitazama kigingi, nami nikakitazama. Kila mmoja wetu aliziona nyavu.

Mwambie mzee yule kwamba amekosea. Ilimpasa aseme "zingalikuwa hapa." Lakini zingalikuwa ingezirudisha nyavu kule zamani, zilikopotelea. Yeye alikuwa hazungumzii huko. Alikuwa anazungumzia kigingi kitupu cha saa kumi jioni ile. Alihitaji ngeli kwa ajili ya kosa lililokwisha, na nge kwa ajili ya ukuta uliokuwa mbele yake. Kila kiambishi kilikaa mahali pake.

Lugha ya vitabu vyetu ilichaguliwa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kikawa msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sina ugomvi na Kiunguja. Ni lugha tamu na imetupatanisha kutoka huku hadi Kongo. Lakini Kivumba cha Wasini na Vanga, na Kichifundi cha Shimoni na Funzi, ni Kiswahili cha watu waliokuwa wakijuta kwa ufasaha kabla ya kamati yoyote kukaa. Sheria ya nge kwa nge ni nzuri kwa mtoto anayeanza, kama kamba ya kushikia. Mzee hashiki kamba. Basi ukimsikia, usimtoe makosa. Iba. Ile sentensi ya nyavu nimeiiba, na leo nimekuuzia bure.

8. Jizoeze kwa mambo ya kweli ya hapa kwetu

Vitabu vitakupa mifano ya Juma na gari ambalo Juma hatalinunua kamwe. Vifunge. Kwale imejaa masharti ya jana yenye matokeo ya leo, tena yanayoonekana kwa macho.

Anza na mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wao uanzie mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga. Wadigo wakabaki pande zote mbili, wengine huku, wengine Tanga. Sasa tunga: "Mstari ungalianzia kaskazini kidogo, leo Vanga ingekuwa Tanzania." Isafishe kwa kichochoro cha tatu: "Kama si mstari wa 1886, shangazi yangu wa Tanga asingehitaji pasi kuja harusini." Isome kwa sauti ukiwa Lunga Lunga, kwenye foleni ya mpakani.

Halafu nenda Gazi. Mbaruk bin Rashid Mazrui alipigana na Waingereza mwaka 1895 hadi 1896, akazidiwa, akavuka kuingia upande wa Wajerumani. "Mbaruk angalishinda, saa hii mngekuwa mnajifunza lugha gani?" Waulize wanafunzi hivyo, uwaache wabishane. Hakuna atakayekumbuka kwamba umechanganya.

Ya tatu ni ya Wamakonde, na hii siitoi kwa mazoezi tu. Walikuja kutoka Msumbiji kabla ya uhuru, kwenye miaka ya 1930 na 1940, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya huku kwetu. Walizaa hapa, wakazika hapa. Uhuru ulipokuja hawakuandikwa. Bila kitambulisho huwezi kuandikisha shamba kwa jina lako, huwezi kuajiriwa kwa barua, hata laini ya simu ya kutumia pesa unaazima jina la jirani. Oktoba 2016 walitoka Makongeni, Msambweni, wakaenda hadi Nairobi kwa rais. Sehemu ya njia walitembea kwa miguu. Februari 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa, wakatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Julai mwaka ule ule Wakenya wenye asili ya Bara Hindi wakatangazwa la 44.

Alinijia msichana wa kidato cha nne kutoka upande huo, ana daftari lenye mstari mwekundu. Alikuwa ametunga sentensi ya masharti, kama walivyoagizwa darasani. Ilisema: "Babu angalipata kitambulisho mwaka ule, shamba hili lingekuwa letu." Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya lingekuwa, na pembeni ikaandikwa lingalikuwa. Nusu alama ilikuwa imeondoka.

"Mwalimu," akaniambia, "nimekosa wapi?"

Nikamwambia aweke vidole. Akaweka. Ngali, nge.

"Nimeona," akasema. "Lakini nikiandika lingalikuwa, shamba linakuwa kama limekwisha. Halijakwisha. Liko pale. Mama analilima."

Nilikaa kimya kwa muda. Nimefundisha kiambishi hiki miaka mingi, na sijamsikia mtu akikieleza vizuri namna ile. Ngali hufunga mlango. Nge huuacha wazi. Kitambulisho cha babu kilikuwa mlango uliofungwa, babu amekufa bila kukipata. Shamba lilikuwa mlango ulio wazi, na jembe la mama yake lilikuwa limesimama hapo mlangoni. Yule binti alikuwa hajachanganya chochote. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye wakati wake, na kalamu nyekundu ikamsogezea shamba kaburini pamoja na babu.

Lakini mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita, na mimi kazi yangu ni vichochoro.

"Mwanangu, andika hivi," nikamwambia. "'Kama si babu kukosa kitambulisho mwaka ule, shamba hili lingekuwa letu.'"

Akaandika polepole, akaweka vidole tena kwa mazoea. Kidole cha shahada kikatafuta mahali pa kukaa upande wa kwanza, kisipate. Cha kati kikakalia nge.

"Na hii haina kosa?"

"Haina."

"Na shamba bado liko wazi?"

"Liko wazi."

Akafunga daftari. Kabla hajaondoka akalifungua tena ukurasa wa mwisho kabisa, pale ambapo walimu huwa hawafiki, akainakili ile ya kwanza kama alivyoitunga mwenyewe, ngali upande huu, nge upande ule, na chini yake akaandika tarehe.